Bolti ya Bunduki ya Guka Mbugua

Ni nani kati yenu wawili aliyetoa bolti ya bunduki ya guka wenu, babangu, akaweka ya bandia?

Msiangaliane. Niangalieni mimi. Sikilizeni, wanangu, Njogu na wewe Shiro, sikuwaita mniimbie, kwa maana pasta ameimba jana mpaka mbuzi wakamjibu, akamwomba Mungu aniongezee miaka kumi na mitano kama mfalme Hezekia, nami nikamwambia ashushe sauti kidogo, daktari amesema wiki wala si miaka, na kati ya mtu aliyeona picha ya ini langu na mtu aliyeona maono, mimi namwamini wa picha. Nimewaita kwa sababu kesho saa tatu asubuhi kesi ya Koinet, mlinzi wetu, inasikizwa kule Kajiado, na nikifa kabla ya kesho hakuna mwingine katika boma hili anayeweza kueleza kilichofanyiwa bunduki ile, isipokuwa yule aliyekifanya.

Nelima, mke wa Njogu, wewe sina shaka nawe hata chembe, maana unaogopa hata kisu cha kukata nyama, kwa hivyo weka hiyo simu hapa kando ya mto wangu wa kulalia, irekodi yote, hata kukohoa kwangu usikate. Wakili Mulwa amenieleza bila kunipaka mafuta: maneno ya mgonjwa anayekunywa dawa kali za maumivu yatapingwa, watasema alikuwa anaota. Kinachoweza kumtoa Koinet ni viwili, ama bolti ya kweli ipatikane, ama aliyeitoa aseme kwa mdomo wake. Mimi niko na maneno tu, na hayo nayo yanakwisha kama unga wa mwisho wa mwezi.

Koinet amekaa rumande wiki kumi na moja. Mtu wa miaka sitini na kitu, aliyekuja boma hili wakati punda milia walikuwa bado wanapita nyuma ya ua wetu na Kitengela ilikuwa maduka mawili na kituo cha petroli, aliyemzika baba yenu Githongo na jembe lake mwenyewe siku wale vijana wa kukodi walipolewa, ambaye kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa amesimama mlangoni kwangu akasema "Takwenya, yeyo," nami nikaitika "Iko," na siku imeanza. Sasa siku haianzi. Bibi yake, Mama Tajeu, bado analeta maziwa. Hamjui hilo, kwa sababu mnakuja Jumamosi. Kila asubuhi anaweka chupa hapo kwa lango, ananisalimia kwa adabu ile ile, haniulizi kitu, anaenda. Afadhali angenitukana. Matusi ningeyajibu, ulimi wangu mnaujua. Maziwa yale yananishinda kuyameza.

Haya, bunduki. Mnadhani mnaijua kwa sababu mmepiga picha nayo. Guka wenu Mbugua hakuwa shujaa wa vita yoyote, na yule jamaa wa ukoo aliyesimama kwa ukumbusho wake akasema aliinyang'anya kwa mzungu msituni alikuwa amekula nyama nyingi kuliko akili. Baba alikuwa fundi wa mbao. Alitengeneza vitako vya bunduki za askari wa wanyamapori, na hii ilikuwa moja ya zile nzee, ya vita vya kwanza vya dunia, imechapwa mwaka wa kutengenezwa kwake kwa chuma: elfu moja mia tisa na kumi na saba. Ilianguka kutoka juu ya lori huko upande wa Magadi, kitako kikapasuka, ikaandikwa ya kutupwa. Baba akaipachika kipande cha mutamaiyu, mzeituni wa mwitu, mahali palipovunjika, ubao mwekundu kidogo katika ubao mweusi, umekaa kama jino la dhahabu. Alipostaafu walimpa pamoja na barua na kibali cha kuiweka kama kumbukumbu. Barua ile ndiyo iliyonipeleka mimi kusomea mambo ya kale, nikatumia miaka thelathini nikihifadhi vyuma na mbao za watu waliokufa, na watu walio hai wakiniletea takataka wakiapa ni za kale.

Mwezi wa sita afisa wa kukagua silaha alikuja kama kila mwaka. Kijana mwenye heshima, alikataa hata chai mpaka amalize. Akafungua sanduku la chuma pale stoo, akatoa bunduki, akasukuma bolti mbele, kile chuma kinachoingia nyuma ya mtutu na kufungia risasi mahali pake, akajaribu kukigeuza kishuke, kikakataa. Akajaribu tena. Akaniangalia. Akasema, "Mama, hii si yake." Na mnajua sheria, bolti ya kweli ikiwa nje bila kibali ni nusu bunduki inazurura, wala hakuna anayejua inatafuta nusu ya nani. Akaniuliza swali moja tu: ufunguo wa sanduku hukaa na nani?

Nikajibu: na mimi na Koinet.

Hapo ndipo nilipouua mchana wangu wote uliobaki. Kwa sababu ilikuwa kweli, ufunguo ulikuwa na sisi wawili, lakini ilikuwa kweli iliyokatwa mguu. Ufunguo wa pili umekaa ndani ya mkebe wa majani ya chai tangu baba yenu akiwa hai, na wanaojua mkebe ule ni watu wanne, mmoja amezikwa, mmoja anawaambia maneno haya, na wawili wameketi mbele yangu wakiangalia sakafu kama wanaisoma. Sikusema mkebe. Mimi Keziah, niliyemfukuza mkwe wa watu kwa kusema uongo kuhusu shahada yake, nilifunga mdomo, na walipomchukua Koinet aligeuka akaniangalia, akasubiri niongeze neno. Nilikuwa nalo. Nililimeza.

Nipe maji, Nelima. Kidogo tu. Basi.

Njogu, wewe watu wote wamekushuku, na nimewaacha wakushuku, na hiyo ni deni nakulipa sasa hivi nikiwa na pumzi. Ni kweli ulinikosea. Nilienda Eldoret siku tatu kumwangalia dadangu, nikarudi nikakuta umeifanyia bunduki "sabuni" kwa ajili ya ukumbusho wa guka wako: umepiga kitako msasa, umekipaka vanishi ya kung'aa, mtutu umeusugua na waya wa sufuria mpaka rangi yake ya zambarau, rangi iliyochukua miaka mia moja kuiva, ikatoka ikabaki nyeupe kama mfupa. Ulisimama hapo ukitabasamu. "Mami, si inakaa mpya?" Ilikaa kama jeneza la mheshimiwa. Nilikwambia maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto mwenye ndevu, na miaka miwili sikukupikia chai kwa mkono wangu. Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo, tukipenda kitu cha zamani tunakipaka rangi. Nyumba ya nyanya tunaipiga bati jipya, picha ya guka tunaitia rangi na tai ambayo hakuvaa, halafu tunashangaa mbona hatufanani naye. La kuvunda halina ubani, lakini hata lisilovunda ubani waweza kuliua.

Kwa hivyo, wanangu, sikilizeni namna kitu cha kale kinavyoulizwa maswali, maana hiki ndicho nilichokijua duniani, na mengine yote nilikuwa nabahatisha.

Usiulizie kwa taa. Kipeleke dirishani, mwanga ukilalie kwa ubavu, kwa sababu mwanga wa juu ni msengenyaji, unasema yote na hausemi la maana. Usianze na nambari, maana nambari ndiyo kitu cha kwanza mwongo hutengeneza. Anza na kucha. Pitisha kucha pale ubao unapokutana na chuma: fundi wa kwanza aliuacha ubao uwe juu ya chuma kwa unene wa karatasi, kwa hivyo kucha ikitoka chumani lazima ipande ngazi ndogo, na ikiwa inashuka, ubao umeliwa na msasa, hata kama mwenye kuuza ameapa kwa kaburi la mamake. Angalia skrubu, midomo yao imeraruka au imetulia. Mtu mwenye haraka hutumia bisibisi isiyotosha na skrubu haisahau. Angalia mashimo madogo ya kutu: kutu ya kale ikiwa imelala chini ya rangi inayong'aa, rangi ni ya juzi. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema, nami naongeza, asiye na kovu kabisa usidhani amezaliwa. Na kipande cha mutamaiyu cha guka wenu si kasoro. Wenye vitabu wataandika kwamba kitako si halisi kwa sababu kina kiraka. Halisi si kitu ambacho hakijaguswa. Halisi ni kitu ambacho kila aliyekigusa anaonekana.

Siku ile afisa aliniachia bunduki juu ya meza ya stoo muda wa saa moja, niandike nilichokiona, kabla haijawa ushahidi na kupelekwa. Mikono ilikuwa imeshaanza kuvimba. Nikafungua dirisha.

Nikaona kwanza kwamba Koinet hakuhusika, na niliandika hivyo, ila ripoti ya mama mwenye nyumba kuhusu mlinzi wake na watoto wake nani ataiamini? Grisi ninayopaka kila Januari ilikuwa imesukumwa upande mmoja tu, taratibu, na kufutwa kwa kitambaa kile kile ninachokiweka ndani ya sanduku, kisha kitambaa kikakunjwa mara nne. Koinet hajawahi kukunja kitu maishani mwake, shuka lake lenyewe hulitupia bega. Na chini ya bolti ya bandia kulikuwa na ukungu mwepesi wa kutu wa mvua za masika. Kwa hivyo ilibadilishwa baada ya Januari na kabla ya mvua. Februari, Machi. Ule wakati nilikuwa nimetoka hospitali nimeambiwa habari yangu, nilikuwa naingia stoo mchana, narudisha mlango, nakaa nayo magotini. Msiniulize nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nakaa.

Nikaona la pili. Nambari. Ile bolti ya bandia imepigwa nambari sawasawa, nne saba moja nne, hakuna kosa, lakini nne ya kale kichwa chake kimefungwa kama hema, na hizi nne kichwa kiko wazi, za nyundo na mihuri ya siku hizi. Nikaona la tatu, hapo ndipo nilipoketi chini. Haikuwa bolti ya bunduki nyingine iliyonunuliwa mahali. Imechongwa. Mtu amechukua kipande cha chuma cha kawaida, akakiweka kwa mashine ya kuchongea vyuma, akakipima kwa milimita, akakichoma na mafuta kikapata weusi, na ndani hakuna hata sindano ya kugonga risasi. Ni chuma kinachofanana na bolti, kinaingia mahali pake, halafu hakifanyi kitu. Kazi ya siku nyingi. Kazi ya mtu mwenye subira kama ya kuku anayeatamia.

Njogu, ndio maana nakwambia si wewe. Wewe ulipaka vanishi kama unapaka siagi kwa mkate ukikimbilia shule. Ulimleta yule mzee wa Karen anayekusanya vitu vya vita, ulitaka niiuze, hukuficha, ulinigombeza mbele yake mchana kweupe. Mtu anayenigombeza mbele ya wageni hana haja ya kunizunguka. Nisamehe. Nilikuwa na sababu ya kukukasirikia nikaifanya sababu ya kukuhukumu, na hizo ni sababu mbili tofauti.

Acha nipumzike. Simu bado inarekodi?

Sasa sikieni neno ninaloona haya nalo. Lile swali nililowatupia mlipoketi, la nani kati yenu, nilikuwa naigiza. Mimi niliyechukia maigizo. Nilijua tangu siku ile ya meza. Nilipitisha kidole kwa zile kingo za bolti ya bandia, na kingo zote, hata zile za ndani ambazo hakuna jicho litaziona, zilikuwa zimelainishwa kwa tupa ndogo ili zisikate mkono. Mwizi gani huyo? Nimeshika ghushi mia mbili katika kazi yangu, za Wahindi, za Wazungu, za watu wetu, na zote kwa nje zilikuwa zinang'aa na kwa ndani zilikuwa zinakata, kwa sababu mwongo hana shida na mkono wa atakayeshika. Kulainisha kingo za ndani nilimfundisha mtoto mmoja tu, akiwa darasa la tano, akitengeneza sanduku la kalamu kwa bati la mafuta ya kupikia, nikamwambia hata pale pasipoonekana, siku moja kidole cha mtu kitafika. Leo anafundisha ufundi wa vyuma huko Matasia na ana funguo za mashine.

Sitamtaja jina. Nimejaribu. Wiki kumi na moja nimejaribu kumpigia Mulwa nimtajie, ninashika simu, ulimi unakuwa mbao. Mama anaweza kumtoa mtoto wake duniani kwa uchungu lakini kumtoa kwa polisi ni uzazi mwingine, sikuumbiwa. Nikajiambia atakuja mwenyewe. Nikajiambia kesho. Koinet amehesabu kesho zangu zote akiwa amelala sakafuni.

Na kinachonitafuna zaidi ni kwamba sijui kwa nini. Kitu nakisoma, najua kilifanywa lini, na chombo gani, na mkono gani. Sababu haiandikwi kwa chuma. Ghushi zote nilizoziona zilikuwa za pesa, kwa hivyo nikadhani pesa. Nikadhani yule mzee wa Karen alipita nyuma yangu. Mwanangu, kama ulikuwa na shida si ungeniambia? Ningeuza zile mbuzi. Ningeuza kitanda hiki nikafie sakafuni, singekuuliza hata moja. Unaangalia ukuta. Huo ukuta niliujenga mimi, hauna kitu.

Haya, mali, maana wosia usio na mali watu husema mzee alikuwa amechanganyikiwa. Ploti hii ya Kitengela igawanywe mara mbili sawasawa, mpaka upite kwa tangi la maji, na tangi ni la wote, msije mkalikata kama mtoto wa Suleimani. Zile nyumba nne za kupangisha huko Kware ni za Nelima na za yeyote mtakayemlea pamoja, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeniosha miguu bila kuziba pua. Robo ekari ya chini, ile ya karibu na lango, ni ya Koinet, hati iko kwa Mulwa, nimeshaweka kidole, na yeyote atakayesema kwamba Mmasai hawezi kurithi kwa Mkikuyu aanze kwa kunieleza huu udongo tuliupata kwa nani. Mbuzi apewe Mama Tajeu, wote, pamoja na yule beberu mwendawazimu. Vitabu vyangu mvipeleke shule yoyote yenye paa lisilovuja.

Bunduki hakuna anayeirithi. Ikiachiliwa, irudishwe serikalini, iharibiwe au iwekwe mahali pa kuonwa, sitaki mtu wa ukoo huu akae nayo tena magotini. Kitako pekee mkiombe. Kipande kile cha mutamaiyu mkitoe polepole, kimeshikwa kwa gundi ya kwato, kitaachia kwa mvuke, mkizike nami. Ni cha babangu.

Msinizike na maneno mengi. Wahome wa kanisa akitaka kusoma historia yangu mpeni dakika tano, na akisema nilikuwa mpole mnyamazisheni.

Nasikia... ngojeni. Ngojeni ipite.

Imepita. Karibuni, sogeeni. Wazee wetu walibariki kwa mate kifuani, na wazee wa Koinet hivyo hivyo, ni moja ya mambo machache tuliyokubaliana bila kamati. Lakini dawa hii imenikausha mdomo, sina mate, Nelima, lowesha kitambaa, nipake midomo. Hivyo. Mate ya kuazima yatatosha.

Njogu, mikono yako iwe mizito kwa kazi na miepesi kwa vitu vya watu. Uzae watoto wanaokujibu, ndio utajua nilivyokupenda. Nelima, uzeeke ukiwa na meno. Na wewe... wewe wa tatu, nakubariki pia, nisikilize vizuri, sikubariki nikisha kujua, nakubariki kabla ya kujua, ndio usije ukasema nilinunua neno lako kwa baraka. Imeshatoka. Siwezi kuirudisha hata ukinyamaza. Ulichofanya kiseme, kiwe chepesi. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha uchi wako na wangu wiki kumi na moja, tazameni tumezaa nini, mtu mzima anakula ugali wa serikali kwa ajili yetu.

Kesho saa tatu. Mulwa atasimama na hii sauti yangu tu... watamcheka. Watamrudisha Koinet ndani, na safari hii hatatoka, kifua chake kimeshaanza, Mulwa amesema anakohoa damu. Nawaomba. Sijawahi kuwaomba kitu. Nilikuwa nasema tu, mlikuwa mnafanya. Sasa naomba, niko na magoti yaliyovimba siwezi hata kupiga, lakini hesabuni nimepiga.

Nani huyo analia? Nelima, ni wewe? Basi ni... Sogeza simu. Sema kwa sauti, mtoto wangu, simu haisikii machozi.

"Ni mimi, Mami."

Sema... yote.

"Ni mimi. Niliichonga Matasia wanafunzi wakiwa wameenda likizo fupi. Ile ya kweli iko kwangu Nkoroi, ndani ya pipa la mchele, sijaiuza, hakuna mtu wa Karen, hakuna pesa. Februari nilikuletea maparachichi nikakukuta stoo, mlango umerudishwa, umeigeuza ikakuangalia, Mami, umefunga macho, na mimi sijui hata kama kulikuwa na risasi. Nilirudi nyuma mpaka langoni nikabisha hodi kama mtu anayefika sasa hivi, ukatoka ukanipokea maparachichi, ukanicheka nimenona. Ningemwambia nani? Njogu? Pasta? Na walipomchukua Koinet ningesema nini kule mbele yao, kwamba mamangu alikuwa anataka... Nilishindwa, Mami. Kila siku nilishindwa. Nilitaka tu siku ukivuta, isilie."